Kipimo cha Kelele Uani kwa Dada

Dada yangu ana mashine ya kusaga nafaka, na kwa sababu hiyo hajui kunong'ona. Aliingia pale kibandani akiwa msichana, akifagia pumba kwa mzee mwenye mashine. Mzee alipochoka alimwachia mashine kwa malipo ya polepole, na dada naye akaiachia mashine masikio yake. Mtu aliyeongea miaka mingi mbele ya injini ya dizeli hajui tena sauti ya kawaida ni ipi. Binti yake, aliyeolewa mji mwingine, akipigiwa simu na mama yake huiweka mezani, akaendelea kupika, na hakuna neno linalompita. Watu wanamwita Honi. Wanamwita hivyo hata mbele yake, kwa kuwa mashine ikiwaka hasikii.

Mimi ni mdogo wake. Pale nashona midomo ya magunia, kazi isiyohitaji maneno, na tumepatana hivyo. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa seremala hadi mgongo ulipokataa. Sasa hukaa kwenye benchi mlangoni na kupokea mizigo ya wateja.

Kibanda cha mashine kimepakana na uwanja wa ndege. Si uwanja mkubwa. Kuna mnara wenye vioo juu, na ndani yake watu wanaoziambia ndege zipite wapi. Serikali ikaona vyumba vya namna hiyo vimetapakaa mno katika miji midogo, kila kimoja na mitambo yake na jenereta yake, ikaamua kuvikusanya vyote mahali pamoja. Mahali penyewe ni hapo, ng'ambo ya ukuta wa dada. Lakini kabla ya kujenga, sheria inataka kwanza itazamwe mradi utamsumbua nani: watu, miti, maji na usingizi.

Habari hizo zililetwa na jirani yetu Mama Mapacha, asubuhi ambayo mkanda wa mashine ulikuwa umekatika na kibanda kimefungwa.

"Mwenzangu, umekwisha. Watu wa ndege hawataki kelele. Rubani akiuliza njia watamsikiaje, na wewe unanguruma hapa? Wanakuja na chombo. Atakayekutwa na kelele anahamishwa."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wote."

Dada alicheka, lakini aliukodolea macho mkanda uliokatika kama aliyeona dalili. Mashine ile ndiyo maisha yake. Hana shamba, hana ujuzi mwingine, na kuihamisha ni kuibomoa, maana imefungwa kwenye zege na mzee mwenyewe.

Chombo kikaja kweli, mchana wa siku hiyo hiyo. Alikileta fundi wa vipimo, kijana mpole mwenye kizibao cha mifuko mingi. Akasimamisha miguu mitatu ya chuma uani, akafunga kisanduku, na juu yake kidude kirefu kilichovishwa sifongo nyeusi kama kofia.

"Mama, naomba nikiache hapa wiki nzima. Kinasikiliza tu. Ninyi ishini kama siku zote."

"Sawa, mwanangu."

"Na kile kibanda ni cha nini?"

"Stoo," dada akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mimi na shemeji tuligeuka kumtafuta aliyeongea. Kijana akaandika.

Tangu saa hiyo tukaishi na mgeni. Dada alipita mbele ya kile kisanduku akiwa peku, viatu mkononi. Sufuria zikawekewa kitambaa chini. Wateja walipokuja na nafaka kichwani aliwatokea barabarani, akawapungia warudi, akaonyesha kisanduku, akaweka kidole mdomoni. Wengine walidhani pana msiba, wakatua mizigo, wakavua kofia. Wakaenda kusaga upande wa pili wa bonde, wakarudi wakilalamika kuwa unga una chenga, na hata malalamiko yenyewe wakayatoa kwa minong'ono.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba shemeji huongea. Miaka yote alikuwa akiongea pale benchini, na hakuna aliyejua. Ana maoni kuhusu mabati, kuhusu wafalme, kuhusu namna ya kuchemsha yai. Katikati ya wiki dada alininong'oneza, "Kumbe ndivyo alivyo?"

Nikasema ndivyo.

Akatazama mlango wa kibanda kama anayetamani kuwasha.

"Kimya kingi kina mshindo," shemeji akaendelea kutoka benchini, "na mshindo wenyewe mimi nautazamia kwenye paa. Lile bati la mwisho halikupigwa misumari ya kutosha."

Aliyeteseka zaidi ni Mama Mapacha, kwa kuwa jogoo wake haambiliki. Alimfunika kwa kapu, akawika ndani ya kapu.

Wiki ikaisha, kijana akaja kuchukua chombo chake. Alisema pametulia sana hapa, amepima sehemu nyingi lakini utulivu wa namna hii hajauona. Dada alimshukuru kana kwamba amesifiwa mtoto. Mkanda mpya tulikuwa tumeshaufunga tangu mwanzo wa wiki ile, lakini hakuwasha. Alisema tusubiri kwanza mkutano, heri kuwa na uhakika.

Mkutano ulifanyika chini ya turubai ndani ya uwanja, karibu kabisa na ukuta wetu. Afisa wa mazingira, bwana mwenye tai na uso wa huruma, alieleza kila kitu polepole. Vituo vyote vya ukanda vikishakuwa kimoja, umeme hautakiwi kukatika hata kidogo, kwa hiyo patahitajika jenereta kubwa na tangi la mafuta. Wamepima kelele zilizopo sasa. Chanzo kikuu cha kelele katika eneo hili ni jogoo.

"Wa nani?" mtu akauliza nyuma.

Mama Mapacha akainamia kucha zake.

"Haina shida," afisa akasema. "La muhimu ni kwamba mpakani hakuna makazi yanayogusa ukuta wala shughuli yoyote. Kuna stoo moja isiyotumika. Hiyo itaondolewa, na tangi litakaa hapo."

Nilimtazama dada. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Alikuwa amejificha vizuri hata akafutika. Shemeji akamwinamia, akamwambia jambo moja tu, "Mama, sema." Dada akasimama.

"Si stoo."

"Sauti kidogo, mama," afisa akasema. "Huku mbele hatukusikii."

Nadhani hilo halijawahi kuambiwa dada yangu tangu azaliwe. Watu waliokuwa wakimjua walicheka hadi viti vikalia.

"Si stoo!" akasema. "Ni mashine ya kusaga. Nimesaga hapo tangu ndege zenu zikitua kwenye vumbi!"

Afisa akapekua karatasi zake. Akamwita fundi wa vipimo, wakapekua wote wawili.

"Mama, kipimo hakionyeshi mashine."

"Niliizima."

"Kwa nini uizime? Si uliambiwa muishi kama kawaida?"

"Nilikuwa na mgeni," dada akasema.

Kijana wa vipimo akakuna kichwa. "Mama, mimi nilikuuliza. Ukaniambia stoo."

"Nilikudanganya, mwanangu. Niliogopa mtanihamisha kwa kelele. Sasa mnanihamisha kwa kimya."

Afisa hakukasirika. Alisema maoni yake yameandikwa, lakini neno la mtu na kipimo cha mitambo havina uzito sawa, na mezani kwake ana kipimo. Dada akamsikiliza hadi mwisho, akatoka chini ya turubai bila kuaga. Mimi na shemeji tukamfuata, tukazunguka ukuta.

Injini ilikuwa imepoa kama jiwe. Dada akazungusha mkono wa kuwashia, ikakohoa, ikanyamaza. Nikazungusha mimi, ikatema moshi. Kutoka ng'ambo tulisikia afisa akiendelea na habari za miti. Dada akaiinamia mashine, akaweka kiganja juu ya bomba la mafuta. "Usiniaibishe," akaiambia. Shemeji, ambaye mgongo wake haujainua hata ndoo kwa miaka mingi, akasukuma benchi pembeni, akashika mkono wa kuwashia pamoja naye, wakazungusha kwa nguvu za wote wawili.

Ikashika.

Walioachwa mkutanoni walisimulia baadaye. Maji yalitetemeka glasini. Kipaza sauti kikafanya mluzi. Afisa alifungua mdomo mara kadhaa, akaufunga, mwisho akaandika neno kwenye karatasi kubwa akaliinua juu: IMESIKIKA. Sisi hatukuona. Tulikuwa ndani, mashine ikizunguka tupu, dada akilia na kufuta vumbi kwenye kapu la kumiminia nafaka, na shemeji akiongea jambo refu ambalo sitalijua kamwe.

Kisanduku kikarudi kwa wiki nyingine. Safari hii dada alisaga, alifoka, alitukanana na wateja wa foleni, na kijana akaja mara mbili kukagua kama chombo hakijaharibika.

Majibu aliyaleta afisa mwenyewe, kwa miguu, siku ya foleni ndefu. Alisimama mlangoni akasema jambo. Dada akamwonyesha sikio. Afisa akasema tena, kwa nguvu zaidi, shingo ikavimba ndani ya tai, na hata hapo dada hakusikia, ila foleni nzima ilisikia, ikapiga kelele ya furaha. Dada akazima mashine kuuliza wanachekelea nini.

"Mashine inabaki," afisa akasema, akihema. "Tangi linakwenda upande wa pili wa uwanja. Na sisi tutajenga ukuta mnene zaidi upande wetu, maana wewe ulitangulia."

"Mtajenga ninyi?"

"Sisi."

"Na mimi nisage kama kawaida?"

"Kama kawaida. Ila ukinunua mashine kubwa zaidi, utuambie."

Dada aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwomba asogee kidogo kushoto, kwani alikuwa amesimama mbele ya mama mmoja mwenye debe la mtama aliyefika kabla yake. Akawasha.