Kipa Aliyewaamkia Washambuliaji

Kipa wetu wa Namanyere alidaka kwa glovu za fundi wa kuchomelea vyuma, na kila penalti alifanya uhuni uleule. Alimfuata mpigaji hadi kwenye mpira, hata kama mpigaji ni kijana wa kumzaa mwenyewe, akainama na kusema kwa sauti ya katekista, "Shikamoo, mzee." Mpigaji akicheka tu, mguu umeshalegea. Nyanda peke yake, mshambuliaji wa timu ya wafugaji, ndiye ambaye hakuitikia hata siku moja. Alinuna, akamfunga, kisha akamcheka: "Kaa na shikamoo yako, mtani!"

Mwaka jana kipa alivuka ziwa kwenda Kongo kumchukua mama yake, vita vikamuua hukohuko, na kaburi lake hatulijui. Jumapili tulicheza mechi ya kumkumbuka. Tuliacha goli tupu, Nyanda akaitwa apige penalti ya kwanza. Aliweka mpira, akalitazama goli, akakohoa.

"Marahaba," akasema.

Kisha akaupaisha mpira juu kabisa ya mwamba, ukaangukia kwenye mahindi ya parokia.

"Kadaka!" akapiga kelele Mama Cornelia wa vitumbua, nasi sote tukakimbilia golini kumpongeza.