Tunapatanisha ndoa za watu, mke wangu analala kwa dada yake

Admin, nifunike vizuri, usiache hata sikio, maana watu wa Buyenzi wakinusa tu wataniita jina. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Uvira, nauza vipuri vya magari hapa Bujumbura. Shule niliiacha katikati, lakini mdomo Mungu alinipa kamili. Naweza kumuuzia mtu pampu ya gari ambalo hana. Kigoma nimekaa, Kampala nimekaa, raha zote nilizionja kabla ya kuokoka, kwa hiyo mambo ya dunia msinifundishe.

Kanisani kwetu kuna huduma ya kutembelea ndoa zinazovunjika. Kanuni yake ni kwamba wanaenda mume na mke, wamevaa kitenge cha aina moja. Mume anakaa na mume sebuleni, mke anakaa na mke uani. Ukija peke yako hupokelewi, hata ubebe Biblia kubwa namna gani. Mimi na mke wangu, nimwite Mama Neema ingawa si jina lake, ndio tuliotumwa kwenye ndoa ngumu. Kuna watu walishagawana mpaka masufuria, nikawachekesha hadi wakasahau sufuria ipi ni ya nani. Pasta husema nikiingia nyumba ya mtu, shetani anatafuta viatu vyake.

Sasa sikieni. Tangu kiangazi Mama Neema haishi kwangu. Yuko Kinanira kwa dada yake, na binti yetu. Hatukupigana. Sina mwanamke nje, pombe niliacha. Alikunja nguo mchana kweupe mimi nikiangalia, akasema, "Baba Neema, mi nimechoka." Nikamtania kwamba mlima wa Kinanira utamchosha zaidi. Hakucheka. Majirani nimewaambia dada yake anaumwa mgongo.

Lakini Jumamosi anakuja! Kuna wanandoa tuliowaanza kabla hajaondoka. Mume ni mtu wa ofisi kule Rohero, mke alishafika mahakamani kuomba talaka. Mama Neema alisema, "Hawa hawana kosa. Tukiwaachia katikati, wataachana." Basi kila Jumamosi nasimama nje ya geti la dada yake kama mlinzi, anatoka na kitenge chetu, tunatembea kimya kama watu wasiojuana. Tukifika kwenye kibanda cha muuza vocha, karibu na nyumba ya wale watu, ananishika mkono. Tunaingia tumeshikana. Tukitoka, kwenye kibanda kilekile, anauachia.

Jumamosi moja nilikuwa sebuleni na yule bwana. Nikamuuliza, "Patron, ukirudi jioni unaongeaka na nani?"

"Na simu."

"Basi ungeenda kwa wazazi wa simu ukailipie mahari!"

Alicheka mpaka akashika tumbo. Kicheko kilipotulia nikasikia sauti za uani nyuma ya pazia. Mke wake alikuwa anamwambia wangu, "Mama, we uko na bahati. Na bwana kama ule, kwenu munacheka kila siku."

Mama Neema akajibu, "Ule munaona hapa ni wa Jumamosi. Ni wa watu wote. Mi nilipewa ule wa siku zingine. Akifunga duka, maneno yote imebakia kwa wateja. Anaingia, anauliza chakula iko wapi, anageukia ukuta."

"Sasa unafanyaka nini?"

"Nangojaka Jumamosi."

Hakumwambia kwamba ameshaondoka. Yule bwana akaniuliza mbona nimenyamaza, nikasema mate yamenipalia. Njiani sikusema kwamba nimesikia.

Sasa wale watu wamepatana. Mke ameondoa kesi yake. Jumapili ijayo watasimama mbele ya kanisa kurudia kiapo, na wanataka sisi tuwe wasimamizi wao. Nilipojaribu kukwepa, yule mama alikuja juu: "Bila nyinyi, apana! Kama nyinyi mumeweza, na sisi tutaweza."

Tulipotoka Mama Neema alinishika mpaka kibandani, akasema, "Nitasimama na we siku ile. Kesho yake nitaenda kwa pasta, nimuambie ukweli. Hii kazi tuiache."

Nikasema, "Na mimi?"

"Na we, nini? Sema."

Alisimama akingoja, wapendwa. Mkono wangu bado alikuwa nao. Mimi ninayeuza pampu bila gari, nilitafuta neno kichwani, nikakuta rafu tupu. Nikasema, "Hiki kitenge chako kimeanza kupauka." Akauachia mkono, akapanda zake kwa dada yake.

Nikiwaambia wale wanandoa ukweli, naogopa yule mama atarudi mahakamani, na watoto wao wameanza juzi tu kula na baba yao. Nikinyamaza, nitasimama kanisani kama mfano wa ndoa, keki ikiisha mke wangu anarudi Kinanira. Kila siku nawaombea mema. Halafu, Mungu anisamehe, nikishasema amina naongeza kimoyomoyo kwamba wagombane kidogo tu, ili tubaki na Jumamosi nyingine.

Mnicheke, ni haki yenu, lakini mkimaliza mnijibu. Wale watu niwaambie, au nisimame hivyohivyo? Na nyinyi wanaume mnaokaa na wake zenu, Jumatatu jioni mnawaambiaga nini? Maneno ya waume wa watu ninayo tele, yangu sina.

Kesho ni Jumamosi ya mwisho kabla ya kiapo chao, nitakuwa pale getini. Mpaka kwenye kibanda cha vocha njia inatosha kusema neno. Nishaurini ndugu zangu, niseme lipi?