Fundi Saa na Kompyuta Iliyogoma Kuwaka

Kwa miaka thelathini na minne fundi saa huyu ameishi kwa vidole vyake, na vidole hivyo havikuwahi kumwaibisha. Kibanda chake kiko kwenye kona ya jengo la posta ya zamani. Humo mna meza ya kioo, taa ya shingo ndefu, koleo saba zilizopangwa kwa urefu, na lenzi ya jicho moja aliyoibana usoni miaka mingi mpaka ikamwachia duara lisilofutika. Kazi alifundishwa na mjomba wake, mtu mkali mwenye sheria moja tu ambayo hakuchoka kuirudia: ukijikuta unatumia nguvu, ujue umeshakosea. Mpwa akikaza skrubu kupita kiasi, mjomba anamgonga vidole kwa mpini wa bisibisi.

Basi sheria ikamwingia mpaka kwenye mifupa. Akawa mtu wa kufunga mlango bila kusikika na kukoroga chai bila kijiko kugusa kikombe. Hata kuoa alioa kwa mwendo huohuo. Alitengeneza saa ya mwalimu mmoja wa darasa la kwanza mara tatu, ingawa saa yenyewe haikuwa na ubovu wowote, mpaka mwalimu akachoka akamwuliza, "Fundi, hii saa ni mgonjwa, au wewe una neno?" Alikuwa na neno. Wakaoana.

Huyo mwalimu sasa alikuwa amemaliza kuandika kitabu cha hesabu. Miaka minne aliketi kila jioni mbele ya kompyuta kuukuu iliyowekwa kwenye meza ya kulia, akipanga picha za vijiti, machungwa na vifuniko vya chupa kwa ajili ya watoto ambao hesabu haiwaingii. Shirika moja la vitabu lilikubali kuupokea mswada, mradi uwafikie Ijumaa kabla ya saa kumi alasiri. Ukichelewa, unasubiri miaka mitatu, na baada ya miaka mitatu mwalimu atakuwa ameshastaafu, hana darasa la kukifundishia. Kitabu kizima kilikuwa ndani ya kompyuta ile. Nakala nyingine ilikuwa kwenye flashi, na flashi ilifuliwa mwezi uliopita ndani ya mfuko wa sketi. Aliyefua ni fundi. Tusimseme sana, alifua kwa upole.

Alhamisi jioni kompyuta iliganda mara tano. Kila ukurasa wenye picha, inakodoa macho na kunyamaza. Mwalimu alifunika uso kwa viganja.

"Kesho nikitoka shule nakituma," alisema. "Ikinigomea tena, mimi nitalia, na usije ukanibembeleza."

Asubuhi, mkewe alipotoka tu, fundi naye akatoka. Badala ya kwenda kibandani alikwenda kwenye duka la vipuri vya kompyuta akanunua kipande cha memori, bamba jembamba la kijani lisilozidi urefu wa kiganja, lenye uwezo mara mbili ya lile la zamani. Muuzaji alimhakikishia kwamba kulifunga ni kazi ya dakika tano. Fundi kichwa kikamvimba. Mtu aliyefungua saa za akina mama zenye gurudumu dogo kuliko mbegu ya nyanya, boksi hili la bati litamshinda nini? Alijiona mchana akisimama kando ya meza, mikono nyuma, mwalimu akishangaa jinsi kurasa zinavyofunguka.

Saa tatu na nusu alitandika taulo mezani, akachomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa boksi. Alipuliza vumbi kwa kipulizio chake cha saa. Bamba la zamani lilikuwa limebanwa kwenye mfereji mrefu, vishikizo viwili vyeupe vikilishika huku na huku. Alivisukuma, bamba likachomoka. Akalichukua jipya kwa ncha za vidole, akalilaza juu ya mfereji, akaligusa kidogo tu mpaka alipohisi limekutana na upinzani, akaliacha. Upinzani, kwake, ndiyo ishara kwamba kitu kimefika. Alirudisha waya akabonyeza kitufe.

Feni ikazunguka. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Skrini ikabaki nyeusi, kisha boksi likalia: tii, tii, tii.

Fundi alisubiri, akidhani ni salamu. Ikalia tena mara tatu. Alivua saa yake mkononi akapima. Milio mitatu, kimya cha sekunde mbili, milio mitatu. Haikukosea hata chembe. Kwa saa, mdundo mzuri namna hiyo ni dalili ya afya, na hapo ndipo akili ilipoanza kumruka. Kitu kinapiga sawasawa, kinapumua, kina taa, na bado hakiko hai.

Alichomoa bamba jipya akalirudisha. Tii, tii, tii. Akalihamishia kwenye mfereji wa pili. Tii, tii, tii. Alichomoa waya wa skrini, wa kibodi, wa kipanya, akaurudisha mmoja mmoja. Akakagua skrubu nne kwa lenzi, ingawa skrubu hazikuwa na kosa lolote na nyumba nzima ilijua hivyo.

Ndipo akapata wazo la mtu mzima: rudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Alilichukua bamba la zamani, lile lililofanya kazi jana yake tu, akaliweka kwenye mfereji wake wa zamani kwa heshima ileile. Akabonyeza.

Tii, tii, tii.

Hapo aliketi. Kipya kikigoma, utasema kibovu. Lakini hiki cha zamani? Kipande kilekile, mahali palepale, kompyuta ileile. Aliisogeza hoja hiyo kichwani mbele na nyuma, haikumpa mlango wa kutokea. Katika saa, ukirudisha kila gurudumu mahali pake, saa inarudi. Hajawahi kuona gurudumu likirudi kwao halafu likakataliwa.

Akampigia muuzaji.

"Bosi, ile memori yako imeniulia kompyuta."

"Haiwezekani, mzee wangu. Inasemaje?"

"Inalia mara tatu. Na nikirudisha ya zamani inalia vilevile."

"Zote mbili?" Nyuma ya muuzaji zilisikika sauti za wateja. "Chukua kifutio cha penseli, sugua yale meno ya dhahabu ya ukingoni mwake, halafu rudisha. Na wewe kabla ya kushika uligusa chuma kwanza? Mwili unakuwa na umeme, mzee wangu. Ukishika bodi, lile bamba kubwa la humo ndani, hivihivi unaweza kuiua na usisikie kitu."

"Umeme gani? Mimi?"

"Watu wote. Sugua kwanza, tutaongea."

Alisugua meno mpaka yakang'aa, akalirudisha bamba kwa mguso wa mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Tii, tii, tii. Alikitazama kiganja chake juu na chini. Mkono uliofufua saa za nusu ya mji, kumbe umebeba umeme wa kuua vitu kimyakimya? Na kama bodi imekufa, kitabu kiko wapi? Kimo humo bado, au kimekwenda nayo? Alishika tama, akaisikiliza ile milio kama anayesomewa mashtaka kwa lugha ya kigeni.

Saa saba na nusu mlango ulifunguliwa. Mwalimu aliingia na furushi la madaftari, akaliona taulo, boksi lililopasuliwa ubavu, na mumewe ambaye saa hizi alipaswa kuwa kibandani. Aliweka madaftari chini.

"Fundi. Umefanya nini?"

Alimwambia yote, tangu duka hadi kifutio, wala hakujipunguzia. "Nilitaka ikuendee haraka," alisema. "Nimekuulia miaka minne, mwalimu."

Fundi alitamani afokewe, lakini mwalimu hakupiga kelele. Aliketi mbele ya boksi. Kisha akasema kwa ile sauti anayoitumia kwa mtoto aliyekosa jibu: "Haya. Usinieleze. Nifanyie tena, mimi naangalia."

Fundi alichomoa waya wa umeme, akagusa bati kwanza, akashika bamba jipya kwa ncha za vidole, akalilaza, akaligusa, akatoa mkono.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hivi vyeupe mbona vimelala nje? Vya nini?"

"Vya kuchomolea."

"Kimoja kila upande, na havijashika kitu." Aliinama. "Fundi, hii haijaingia. Imekaa juu tu, kama mgeni anayengoja kukaribishwa."

"Imefika mwisho. Nimehisi inakataa."

"Basi sukuma."

"Ukisukuma unavunja."

Mwalimu alimtazama mtu wake, huyu wa saa iliyotengenezwa mara tatu. Kisha akaweka vidole gumba viwili juu ya bamba, gumba zilizochoma pini kwenye mbao za madarasa kwa miaka thelathini, akaegemea kwa uzito wa mabega. Bodi ikapinda kidogo. Fundi alifumba macho. Kach, upande mmoja. Kach, upande wa pili. Vishikizo vyeupe vilikuwa vimesimama wima.

"Rudisha waya, washa."

Feni ikazunguka. Fundi alisubiri ule mlio. Ukaja mmoja tu, mfupi, na skrini ikajaa mwanga.

Machozi yalimjaa fundi, akayaacha. Mwalimu alivuta kiti, akafungua kitabu, na kitabu kilifunguka mara moja, kurasa za machungwa na vijiti zikipita bila kuganda. Alirudi ukurasa wa kwanza, ambao fundi hakuwahi kuuona. Katikati yake palikuwa na mstari mmoja: *Kwa mume wangu, fundi saa, ambaye kwa kumtazama nilijifunza kwamba mtoto asiyeelewa halazimishwi.*

Fundi aliusoma mara mbili. "Huo ufute," alisema. "Leo umeona mwenyewe ninavyoharibu."

"Nyamaza kwanza." Alisogeza kishale hadi mwisho wa mstari, akafikiri, akaongeza maneno mawili: *mara nyingi*. Ilikuwa saa nane kasorobo. Akautuma mswada, kisha akauchukua mkono wa mumewe, akaliweka gumba la fundi juu ya kiganja chake mwenyewe, na kusema, "Sasa bonyeza. Kwa nguvu. Nisikie."