Uani kwa Jirani wa Bohari

Yule mama alikuwa jirani wa bohari ya zamani ya mafuta, pembezoni mwa mji wa Sumbawanga. Bohari ilikuwa imefungwa, lakini matangi yalibaki ardhini, na watu walisema petroli ilivuja humo miaka mingi. Mimi nilikuwa mtumishi wa idara ya maji, mgeni kutoka Mbeya, nimepanga chumba mtaa wa Katandala. Nilitumwa pale na mwenzangu, Mfipa wa hukohuko, tuchimbe visima vyembamba vya kupima maji ya chini: kimoja jirani na matangi, vingine tukishuka na mteremko hadi uani kwa yule mama.

Alikuwa na kisima chake, alichochimba marehemu mumewe kwa jembe na sururu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kunitibia kisima?"

Mwenzangu akamweleza kwa Kifipa kwamba hatutibu, tunapima tu. Mama akacheka. Akasema hata daktari huanza kwa kupima.

Kisima kipya lazima kisafishwe kwanza. Tulishusha kizibo kizito ndani ya bomba, tukawa tunakivuta juu na kukirudisha chini ili maji yang'oe udongo ulioziba matundu, kisha tukayatoa kwa pampu. Yalitoka tope tupu, yakapauka, na kabla ya mchana yale ya uani yakawa meupe kabisa. Mama, aliyekuwa amesimama kwenye upepo wa Juni amejitanda vitenge viwili, akapiga kigelegele.

"Si mnaona? Yangekuwa na sumu yangekuwa meupe hivi?"

Nikasogeza chupa puani. Yalinuka kama ovaroli ya fundi pikipiki.

"Mama, weupe hausemi kitu. Yananuka."

Akainusa chupa muda mrefu. "Mimi sisikii kitu," akasema, na nikajua hasemi uongo.

Akaingia jikoni, akatuletea uji wa ulezi. Nikauliza umepikwa kwa maji gani.

"Ya kisima changu, ya wapi tena? Bomba lenyewe hutoka likijisikia."

Mwenzangu akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa wote. Mimi nilishika changu mpaka kikapoa. Mama akakichukua taratibu, akaunywa uji ule mwenyewe, akiwa amesimama.

Tuliyaacha maji yatulie siku kadhaa, kisha tukarudi kuchukua sampuli. Tulivaa glavu, tukajaza vichupa vya kioo hadi ukingoni bila kuacha hata kiputo cha hewa, kwa sababu sumu ile huruka na hewa. Tulichota na kwenye kisima chake, tukapanga vyote kwenye barafu, tukavisafirisha maabara.

Majibu yalikuwa mabaya kote. Kisima cha mama hakikuwa na nafuu.

Nilikwenda mimi kumwambia. Alikuwa anapeta ulezi. Akaweka ungo chini.

"Mume wangu alikufa kwa kuishiwa damu. Hospitali hawakujua damu inakwenda wapi. Ni maji haya?"

"Sijui, mama. Wakati ule hakuna aliyeyapima."

"Alikichimba mwenyewe," akasema. "Nilikuwa navuta ndoo za udongo."

Kisima kikafunikwa kwa zege. Akanunua maji ya madumu kwa muda, kisha binti yake akamchukua kwenda Muze, bondeni kwenye joto, yeye aliyezaliwa kwenye baridi ya juu huku. Nyumba ikapangishwa. Wapangaji wakang'oa mfuniko kwa mtaimbo, na sikuweza kuwakemea nikiwa sina maji mengine ya kuwapa. Matangi bado yamo ardhini, kwa kuwa hajapatikana wa kukubali kwamba ni yake. Sisi tunakwenda, tunajaza vichupa, tunaondoka.

Juzi mama alinipigia simu.

"Mwanangu, maji yamepona?"

"Bado."

"Bado ya kusubiri, au bado ya kunifariji?"

Nikamwambia kweli: hayatapona yeye akiwa hai, na pengine hata mimi sitayaona yakipona.

Halafu akauliza kama mvua zimeanza kwetu huku juu. Nikamwambia zimeanza, watu wanapanda mahindi.

"Haya," akasema. "Wasalimie."