Nyuzi za Wifi Ndani ya Pamba

Mpaka leo sielewi kwa nini chupa ivalishwe nguo. Jua la Simiyu linapasua ardhi, sisi wenyewe tunatafuta kivuli, halafu mtu mzima anakaa mkekani kutwa nzima akiizungushia uzi wa sweta chupa ya soda, gundi mpaka kwenye nyusi, kisha anaiweka juu ya kabati na kusema ni pambo.

Mtu huyo alikuwa wifi yangu, mke wa kaka. Alikwenda Bariadi mjini kwenye semina ya kina mama, akarudi kijijini kwetu Ngulyati na salfeti nzima ya mabaki ya nyuzi kutoka kwa mafundi wa masweta ya shule. Kufuma hajui. Mwalimu wake naye hakujua, nadhani ndiyo maana walielewana. Walifundishwa kuzungusha uzi kwenye vidole viwili, kufunga katikati na kukata ncha mpaka kitokee kidude cha duara chenye manyoya. Eti ua! Kifaranga kilichonyeshewa kina sura nzuri zaidi. Akavitundika mlangoni kama pazia, kila ukipita vinakupapasa uso.

Mimi nafanya kazi ofisini mjini, na nilikuwa nyumbani likizo kumsaidia mama msimu wa pamba. Mama hana majivuno ila kwa jambo moja: pamba yake haijawahi kukataliwa kwenye kituo cha kununulia. Huichambua kama mchele wa wageni, kisha huirundika kwenye chumba kisicho na dirisha kando ya sebule. Humo kuku hapiti wala kiatu hakiingii.

Siku moja wifi alikata maua yake sebuleni, akaenda kisimani na kuacha vipande vya nyuzi vimetapakaa sakafuni, vyekundu, vya kijani, vya njano. Mara nikasikia hodi. Ni katekista na mkewe. Niliona aibu, mimi mtu wa ofisi, kukutwa katikati ya takataka zile. Nikashika ufagio, nikazisukumia zote nyuma ya mlango wa karibu, nikaufunga. Ulikuwa mlango wa chumba cha pamba. Nilijiambia nitazitoa wageni wakiondoka. Walikaa sana, nami nikasahau. Kesho yake alfajiri mama akaingia chumbani mle na kushindilia pamba kwenye magunia.

Kituoni karani alizamisha mkono kwenye gunia la kwanza, akatoa uzi wa njano. Gunia la pili, mwekundu.

"Mayu, hii siwezi kupokea," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nyuzi hizi zikifika kiwandani zinaharibu pamba ya watu wote. Kaichambue upya."

Foleni nzima iligeuza shingo kutazama. Mama alikaza kitenge chake, akageuza mkokoteni wa ng'ombe, tukarudi nao nyumbani. Pale akamwita wifi.

"Nyuzi zako zimenivua nguo mbele za watu."

Wifi akapiga magoti. "Nisamehe, mayu."

Hata hakuuliza zilifikaje chumbani. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, na mdomo wangu huu usiochoka kuyasema maua ya watu haukupata la kusema. Nilikuwa mwoga, basi.

Tulichambua siku tatu. Wifi alizikamata nyuzi kuliko sisi sote, hata zile nyembamba ambazo mimi nilizipita. Siku ya mwisho mama alipotoka kuangalia ndama, wifi alizungumza bila kuinua kichwa.

"Wifi, mke wa katekista aliniambia siku ile walikukuta na ufagio mkononi."

Alivuta fungu jingine la pamba, akaanza kulipekua.

Mama akarudi, akaitazama pamba yake nyeupe, akaniwekea mkono begani.

"Afadhali nyumba hii ina mtu mmoja mwenye akili," alisema, kwa sauti ya kumfikia wifi.

"Wabeja, mayu," nikamshukuru.