Nywele za Utosini

Pale saluni walimwita Chapchap, maana kichwa kilichowachosha wenzake kutwa nzima, yeye alikimaliza mapema na bado akabaki na nguvu za kupiga soga. Alivuka mpaka akiwa msichana, akajifunza ususi kwa kutazama, akajijengea jina. Kwa hiyo alipoletewa binti wa marehemu kaka yake, mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyevuka mpaka uleule bila mama, alijiambia: chakula kipo, shule ipo, mengine yatajipa.

Siku moja akimwosha nywele, vidole vyake vikagusa ngozi tupu utosini.

"Mapunye haya," alisema, akanunua dawa. Alipaka mpaka kopo likaisha, na upara ukazidi kutanuka. Wateja wakamtania: msusi gani huyu, mtoto wa nyumbani kwake ana kipara? Alicheka nao, ila moyoni kuliwaka moto.

Muuguzi wa kituo cha afya alikikagua kichwa kile kwa tochi, kisha akamwomba mtoto asubiri nje.

"Dada, haya si mapunye. Anazing'oa mwenyewe. Tuna mshauri wa watoto hapa, na halipishi."

"Mwanangu si kichaa!"

"Nani kasema kichaa? Ana jambo limemkaa moyoni."

Chapchap akashusha sauti. "Na vibali? Vyake bado havijatoka."

"Kwani nimekuuliza vibali?"

Lugha ya huku mtoto alikuwa bado anaibabaisha, hivyo siku ya kwanza Chapchap mwenyewe ndiye aliyetafsiri. Mshauri, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, aliuliza hili na lile. Kila mara binti alimtupia shangazi yake jicho kwanza, ndipo akajibu: niko sawa.

"Shangazi," mshauri alisema mwishowe, "wiki ijayo nitaleta mkalimani mwingine. Wewe utatusubiri nje."

"Mimi ndiye ninayemlea!"

"Ndiyo maana. Anaogopa kukuumiza."

Lilimchoma, lakini alitii. Wiki baada ya wiki alikaa kwenye benchi la ukumbini, akifungua na kufunga zipu ya mkoba wake, asisikie neno.

Kisha jioni moja, wakimenya viazi, binti akasema, "Shangazi, nikikuambia kitu utakasirika?"

"Sema tu, mama."

"Ni ile draya."

Akaeleza. Mngurumo wa draya ya kukaushia nywele pale saluni ulikuwa kama wa lori alilofichwa ndani yake, katikati ya magunia. Mama yake alimpandisha akamwambia, nakuja na linalofuata. Kila siku akitoka shule hukaa kwenye kona ya saluni, draya ikiwashwa mkono unakwenda utosini wenyewe.

"Sikusema kwa sababu ndiyo kazi yako. Ndiyo inayotulisha."

Chapchap aliweka kisu chini. Alimvuta mtoto kifuani, viazi vikatawanyika sakafuni, wakamlilia pamoja wifi yake, mama wa mtoto, ambaye mpaka leo hajasikika.

Siku hizi mtoto akitoka shule hupitia kwa fundi cherehani, jirani yao. Chapchap alihofia kelele za cherehani nazo. "Ile hainisumbui," binti alimwambia, "ile inapiga umbea tu." Kwa mshauri bado anakwenda. Nywele zimeanza kuota, laini kama za kichanga. Kuna siku mkono hurudi palepale, na siku hizo binti huja mwenyewe kusema.

Juzi Chapchap alikwenda kituoni peke yake. Alipitia kwa muuguzi, akamshukuru mpaka foleni ikaanza kuguna. Kisha akaingia kwa mshauri, akamshika mikono yote miwili.

"Umenirudishia mtoto."

"Mshukuru yeye. Aliyepata ujasiri wa kusema ni yeye."

"Yeye nimeshamshukuru, leo ni zamu yako. Na hizo nywele zako, mwenzangu, zinalia. Vuta kiti nikusuke."

Mshauri alicheka mpaka miwani ikamteleza puani, kisha akavuta kiti.