Nyama Niliyojinyima Kabla ya Kuiona

Harufu ya kumbikumbi wanaokaangwa bila mafuta ikikupata mara moja, hutaisahau mpaka unaingia kaburini. Si ya karanga, si ya nyama, ni zote mbili zimeoana. Chungu kinapopata moto wanaanza kulia chwii, wanatoa mafuta yao wenyewe, kisha mtu anawapeta kwenye ungo na mabawa yanaruka uani mpaka yanawaganda kuku mgongoni. Mimi Skolastika naijua harufu hiyo kuliko ninavyojua kusoma, maana shule niliishia darasa la tano, lakini pua yangu haikuacha shule. Na kila inaponifikia hapa Nkowe nilikoolewa, naikumbuka Kwaresima moja kule Mnero, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja na mdomo mrefu kuliko miguu.

Kwaresima kwetu huangukia wakati wa njaa. Mahindi yamesimama shambani lakini hayajakomaa, na ghalani kumebaki vumbi na panya wawili wanaolaumiana. Kitoweo mchana kisamvu, jioni kisamvu, ukibahatika majani ya kunde. Kwa hiyo katekista alipotukusanya watoto wa komunyo ya kwanza, majivu yakiwa bado kwenye vipaji vya nyuso, akamuuliza kila mmoja atajinyima nini kwa siku arobaini ili kujiandaa na Pasaka, swali lilikuwa gumu. Utajinyima nini na wewe umeshanyimwa? Mmoja akasema ataacha kucheza rede. Mwingine akasema miwa. Wengi wakatazama vidole vya miguu yao. Mimi nikasimama, nikakohoa kama mwenyekiti wa kijiji, nikasema, "Mimi, Mwalimu, nyama. Siku zote arobaini, siyo Ijumaa tu." Wenzangu wakaguna. Katekista alikuwa mtu mrefu, mkimya, tulimwita Mwalimu kama wazazi wetu walivyomwita. "Vizuri sana, Skolastika," akasema. "Na mjue wote, atakayevunja ahadi yake, Pasaka atakaa benchi akiwatazama wenzake wakipokea." Nikakaa chini nimevimba kwa sifa. Benchi lilinihusu nini? Nyama mara ya mwisho niliiona Krismasi.

Bibi yangu mzaa mama, ndiye aliyenilea, alicheka mpaka khanga ikamdondoka. "Mke mwenzangu," akaniambia, "hiyo nyama unayojinyima iko wapi? Basi na mimi naacha kupanda ndege!" Sikumjali. Nilikuwa na mtu wangu wa kumringia. Somoe, rafiki yangu wa nyumba ya pili, kwao walikuwa Waislamu, na mwaka ule Ramadhani iliingia wiki ileile ya majivu. Tukawa wafungaji wawili njiani kwenda kisimani, kila mtu na ndoo yake na majivuno yake. Somoe alikuwa ananichoma. "Kufunga gani huko? Maji mnakunywa, uji mnakunywa! Kwaresima yenu ina matundu kama chekecheke." Nami namjibu, "Nyie jua likizama mnakula mpaka mnashindwa kuinama. Mimi nimefunga nyama siku arobaini, usiku na mchana." Hapo aliongeza hatua akanitangulia, nami nikasikia utamu kuliko asali. Ijumaa tulipoandama Njia ya Msalaba, ngoma za kanisani zimelazwa kifudifudi, sanamu zimefunikwa vitambaa vya zambarau, magoti yetu yamezama kwenye tope, nilijiona nimebakiza hatua mbili niwe mtakatifu. Ulimi uliponza kichwa, walisema wahenga, ila wangu ulikiponza na tumbo.

Wiki ya pili, siku ya Jumanne, mvua ilinyesha asubuhi kubwa, ikakatika ghafla, jua likatoka kali. Vichuguu vikafunguka. Kumbikumbi wakatoka kama moshi. Kijiji kizima kikaacha majembe. Watu wakafunika vichuguu kwa majani, wakaacha tundu moja linaloelekea kwenye shimo, wakagonga ardhi kwa vijiti huku wanaimba. Hata mimi niligonga, na kwa furaha ile nilisahau kabisa kama nina ahadi. Niliikumbuka chungu kilipoanza kulia.

"Bibi," nikauliza, "kumbikumbi ni nyama?"

"Ni mdudu."

"Mdudu hana nyama?"

"Mtafune umuulize mwenyewe."

Mate yalinijaa, lakini nililiona lile benchi. Nikakimbia kwa Mwalimu. Nilimkuta amechuchumaa kwenye kichuguu chake, shati limelowa, mabawa yamejaa ndevuni, anatafuna. Nikamuuliza swali lilelile. Akameza kwanza. "Kwangu mimi leo ni Jumanne, na hawa ni kumbikumbi," akasema. "Wewe uliponusa chungu cha bibi yako, pua ilikwambia ni nini?"

Nikainama. "Nyama, Mwalimu."

"Basi umejijibu. Nilijua nyama huna, Skolastika. Nilikuwa nangoja tu Mungu akuletee." Halafu akaongeza kwamba unachojinyima hukifichi ukile kesho, unampa asiye nacho.

Nililia njia nzima. Bibi hakunibembeleza, hakuwa mtu wa hivyo. Alipima fungu langu, akalijaza kwenye bakuli la bati lenye picha ya jogoo, akasema niwapelekee kina Somoe, maana nguruwe pori walikuwa wamelala kwenye mahindi yao na kwao kulikuwa na njaa kuliko kwetu. Nikafika jua linazama, wanafuturu kwa uji mtupu. Somoe akafunua bakuli. "Hee! Na wewe je, huli?" Nikamwambia, "Nimefunga." Nilingoja anichome. Hakunichoma. Alishika bakuli kwa mikono miwili, akaingia nalo ndani.

Ningeishia hapo, ningekuwa shujaa. Lakini kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Mwezi ukaandama, Idi ikafika, na Pasaka bado iko mbali. Baba yake Somoe aliungana na nduguze wakachinja beberu. Mchana nikamwona Somoe anakuja, gauni jipya, hina mikononi, bakuli la jogoo limefunikwa kitambaa cheupe. Pilau. Na juu ya pilau vipande vinne vya nyama, vinang'aa. "Mama amesema hivi ni vyako wewe, siyo vya bibi," Somoe akasema. Akasimama palepale mlangoni, anatabasamu kwa meno yote. "Kula basi nikuone."

Nikamtazama bibi. Bibi akatazama dari. Nirudishe ile zawadi? Mama mtu ametoa kinywani mwa wanawe. Niseme nitakula baadaye? Somoe haondoki. Nikatia kipande kimoja mdomoni. Ee, jamani! Sikumbuki Somoe aliondoka saa ngapi. Nilipozinduka, bakuli lilikuwa jeupe na jogoo ananitazama. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Mimi sikufika hata thelathini.

Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba, nilibaki nyuma. "Mwalimu, nimekula nyama. Ya mbuzi, ya Idi. Kina Somoe waliniletea, na Somoe amesimama ananitazama."

"Ulikula kwa uchu au kwa heshima?"

Nilijua jibu linaloniokoa. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi, na mdomo wangu haukuwa mgeni wa kusema uongo. Lakini macho ya yule mzee yalinishinda. "Vyote viwili, Mwalimu. Kipande cha kwanza heshima. Vile vitatu uchu."

Akageukia ukuta. Mabega yakawa yanamtikisika, nikadhani nimemliza. Kumbe anacheka. Alipogeuka alikuwa anafuta macho. "Siku ya Majivu uliniletea usichokuwa nacho," akasema. "Leo umeniletea ulicho nacho. Utateka maji ya kanisa, ndoo mbili kila siku, mpaka Pasaka. Halafu utapokea." Nikateka. Shingo iliniuma mpaka leo nikigeuka inalia. Na asubuhi ya Pasaka, ngoma zilipoamka na Aleluya ikatoka ilikofungiwa, nilipokea nikiwa na gauni la kuazima, na dirishani nikaiona hina ya Somoe imeshika nondo, anachungulia.

Sasa mimi ni bibi wa wajukuu wanne, nina miaka arobaini na kitu na ndoo najitwika mwenyewe. Hapa Nkowe buchani nyama inaning'inia kila siku, na miaka hii Ramadhani na Kwaresima zimekutana tena. Mjukuu wangu Editha, anayejiandaa na komunyo, amejinyima nyama siku zote arobaini. Nyama ambayo anaijua, ambayo jana imepikwa na kesho itapikwa. Ananipita mbali, na mimi kusema mtu ananipita huwa kunaniuma, lakini ukweli ndio huo. Juzi, siku ya Idi, bodaboda alisimama mlangoni na furushi kutoka Nachingwea, kwa Somoe. Bakuli lilelile la jogoo, tunalorudishiana miaka yote hii, rangi imebanduka, pilau, vipande juu. Editha alilitazama, akameza mate kama nilivyomeza mimi. Kisha akachota nyama yote taratibu, kipande kwa kipande, akaiweka kwenye sahani yangu, akabaki na wali.

"Kula, Bibi," akasema. "Wewe hukuahidi."

Nikala. Kwa heshima na kwa uchu, vyote viwili.